Ellen White na Sahani Asiyoipenda

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 1:29, Mwanzo 9:3, 4, Danieli 1:8–16, Warumi 14:1–21, 1 Wakorintho 10:31, 3 Yohana 2.

SABATO MCHANA

Katika Kiswahili chetu nyama nayo ni mboga. Mtu akiuliza leo mboga ni nini, jibu laweza kuwa dagaa, maharage, sato au nyama ya ng'ombe. Ni pale tu tunapoongeza neno majani ndipo msikilizaji anaelewa kwamba leo mfukoni hali si nzuri. Ndivyo wengi wetu tulivyokua, Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita. Mgeni akija, kuku anakimbizwa. Harusi ikifika, ng'ombe anaanguka. Mgagani na mlenda ni vya siku ambazo hakuna mgeni.

Kisha mtu anabatizwa, anaketi katika darasa la Shule ya Sabato, na siku moja somo linafika kwenye chakula. Wako wanaotikisa kichwa kwa kukubali, kisha wanarudi nyumbani kula kama walivyokula jana. Wako wanaoacha kila kitu kwa siku moja, wakawasema vibaya wenzao kwa mwezi mzima, halafu wakaonekana jioni penye moshi wa nyama choma. Wote wawili hudhani kwamba waanzilishi wa kanisa letu walikuwa watu wa namna nyingine, waliozaliwa wakipenda kabichi.

Juma hili tunapita katika maisha ya Ellen G. White tukiingilia mlango mmoja tu, ule wa jikoni. Mambo mengi makubwa ya maisha yake tutayaacha, kwa kuwa yamekwisha kufundishwa katika masomo mengine. Tutakutana na mwanamke aliyependa nyama, aliyeuchukia mkate, na aliyetumia zaidi ya miaka 30 kati ya siku aliyopewa nuru juu ya chakula na siku alipoiondoa nyama mezani pake moja kwa moja.

JUMAPILI: Binti wa mtengeneza kofia

Ellen Harmon alizaliwa tarehe 26 Novemba 1827 huko Gorham, katika jimbo la Maine, Marekani. Alizaliwa pacha na Elizabeth, nao walikuwa wa mwisho kati ya watoto wanane wa Robert na Eunice Harmon. Baba yao alikuwa mtengeneza kofia. Familia ilihamia mji wa Portland, na huko, Ellen akiwa na umri wa miaka 9, mwanafunzi mwenzake alimrushia jiwe likampiga puani. Kwa majuma kama matatu hakujitambua. Shule yake karibu yote iliishia hapo. Alipopata nafuu kidogo aliegemezwa kitandani akasaidia kazi ya baba yake, akitengeneza ile sehemu ya juu ya kofia iliyokuwa nyepesi kuliko nyingine.

Tusimame hapo kidogo. Mafundi kofia wa karne ile walitumia zebaki kulainisha manyoya ya wanyama, na waganga wa siku zile nao waliwapa wagonjwa dawa yenye zebaki ndani yake, watoto kwa watu wazima. Msomaji wa Nyarugusu au Rwamgasa hahitaji kuelezwa zebaki ni nini, maana ameiona ikichanganywa na mchanga katika beseni. Baadaye Ellen aliandika kwa ukali dhidi ya dawa hizo. Aliishi katika kizazi kilichojipaka na kujinywesha sumu bila kujua, kikala mafuta ya nguruwe asubuhi na jioni, kikafunga madirisha usiku kwa kuogopa hewa, kisha kikazika watoto na kusema ni mapenzi ya Mungu.

Yeye mwenyewe alizika. Aliolewa na James White tarehe 30 Agosti 1846, miaka miwili baada ya maono yake ya kwanza ya Desemba 1844, nao wakapata wana wanne. Herbert, kitinda mimba, alifariki mwaka 1860 akiwa na umri wa miezi mitatu. Henry, mzaliwa wa kwanza, alifariki kwa homa ya mapafu Desemba 1863 akiwa na miaka 16. Tunapomsikia mwanamke huyu akizungumzia afya, tukumbuke kwamba aliongea kama mama aliyerudi kutoka makaburini mara mbili.

Nyama ya nguruwe ilikuwa chakula cha kawaida nyumbani kwao, kama kwa jirani zao wote. Mwaka 1858 ndugu mmoja, S. N. Haskell, alipowasisitizia waumini waiache, Ellen alimwonya asitangulie mbele ya kanisa. Hoja yake ilikuwa kwamba kama hilo ni jukumu la watu wa Mungu, Mungu atalionyesha kwa kanisa lake lote, si kwa watu wawili watatu. Miaka mitano baadaye ikawa hivyo, na aliyeonyeshwa ni yeye aliyekuwa ametoa onyo. Hatukuti mahali alipoficha barua ile. Imechapishwa hadi leo katika juzuu ya kwanza ya shuhuda zake.

Soma Mwanzo 1:29 pamoja na Mwanzo 9:3, 4. Ni nini kilibadilika kati ya mafungu haya mawili, na ni nini hakikubadilika?

JUMATATU: Mkate usiomezeka

Konferensi Kuu iliundwa tarehe 21 Mei 1863. Majuma mawili baadaye, jioni ya kuingia Sabato, James na Ellen walikuwa nyumbani kwa Aaron Hilliard huko Otsego, Michigan, wakiombea wagonjwa na kazi. Hapo ndipo alipopewa maono juu ya afya. Aliona kwamba kuutunza mwili ni wajibu mbele za Mungu, kwamba maji, hewa safi, mwanga wa jua na pumziko ni tiba, kwamba tumbaku na dawa za sumu zinaua, na kwamba chakula alichotoa Mungu Edeni ndicho kilichofaa zaidi.

Sasa mtu angedhani kwamba aliyeonyeshwa mambo hayo kwa maono aliamka asubuhi akitamani mboga. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Kwa miaka mingi Ellen aliamini kwamba nguvu zake zote zinatoka kwenye nyama. Alikula mara tatu kwa siku, na kati ya mlo na mlo alishikwa na kizunguzungu na udhaifu wa tumbo. Alipokula nyama hali ile ilitoweka kwa muda, kwa hiyo akahitimisha kwamba kwake yeye nyama haina mbadala. Wapo vijana wetu katika maduara ya Geita wanaosema vilevile. Asiyekula nyama, wanasema, hawezi kushika sururu. Si wavivu wa kufikiri. Wanasema kile ambacho miili yao inawaambia, kama mwili wa Ellen ulivyomwambia.

Akakata shauri. Nyama ikaondolewa, milo ikawa miwili, na mezani ukawekwa mkate wa unga usiochekechwa. Kwa lugha ya jikoni kwetu, alihama kutoka sembe kwenda dona. Na hapo ndipo vita vilipokuwa vikali, maana vitu vingine aliviweza, ila mkate ulimshinda. Hakuupenda tangu zamani. Alisimulia baadaye kwamba ilikuwa nadra kula kipande kikubwa kuliko sarafu ya dola.

Milo miwili mitatu ya kwanza hakula chochote. Aliketi mezani, akakitazama chakula, akashindwa. Njaa ilimuuma sana. Aliposikia kuzimia alikunja mikono juu ya tumbo lake, akaliambia litasubiri mpaka litakapokuwa tayari kula mkate, na kama haliko tayari, basi halitapata kingine. Tendo hilo lina kitu cha kuchekesha, na yeye mwenyewe alilisimulia hadharani bila aibu, mbele ya waumini wa Battle Creek waliomjua. Baada ya muda mfupi akawa anaula mkate, na hata ule mzito wa unga wa ngano nzima ukawa mtamu kinywani mwake. Kizunguzungu kilipungua. Hamu ya chakula haikupotea.

Njia hii haimfai kila mtu. Mama mjamzito, mgonjwa wa kisukari au kijana anayeshinda shimoni tangu alfajiri hapaswi kujifungia na njaa ili kulifundisha tumbo lake adabu. Ellen hakuliagiza kanisa lifanye hivyo. Alisimulia tu jinsi alivyoshindana yeye. Funzo lenye nguvu zaidi ni kwamba ulimi hujifunza. Kinachoonekana leo kama tabia yetu ya kuzaliwa mara nyingi ni mazoea ya meza ya mama, na mazoea yakibadilishwa kwa uvumilivu, yanakubali. Danieli na wenzake waliomba siku kumi tu (Danieli 1:12). Msimamizi wao aliona tofauti nyusoni, lakini fungu halisemi kwamba chakula kile kilikuwa kitamu siku ya kwanza.

Vita vingine vilikuwa juu ya kitu kidogo: siki. Aliipenda kupita kiasi. Alipokusudia kuiacha alihisi mgonjwa, tamaa ikamshika kwa nguvu siku baada ya siku, mpaka ikaisha. Msomaji anayedhani kwamba majaribu ya chakula ni nyama peke yake, atazame kopo la soda lililo mkononi mwake.

JUMANNE: Alipoanguka na alipolazimika

Kama tungeandika hadithi ya mtakatifu wa kwenye picha, tungeishia jana. Lakini kumbukumbu zake zipo, na zinasema zaidi.

Baada ya 1863 nyama haikuwa tena chakula cha kawaida nyumbani kwa akina White, lakini haikutoweka. Mwaka 1873 walipokuwa wamepiga kambi katika milima ya Rocky, chakula kilikaribia kwisha, na mwanawe Willie akapiga bata kwa bunduki. Ellen aliandika tukio hilo katika shajara yake kwa shukrani. Mwaka 1882 alimwandikia mkwewe Mary barua ya mahitaji ya nyumbani, na kati ya vitu alivyoomba vilikuwa chaza wa makopo. Wakati huo kanisa lilikuwa bado halijaitafakari kikamilifu orodha ya Mambo ya Walawi 11. Wengine hushtuka wakisikia habari ya chaza. Mwandishi wa somo hili alishtuka pia, kisha akaona kwamba barua hiyo imehifadhiwa na watu walewale wanaotunza maandiko yake, nao hawakuichoma.

Kulikuwa na sababu ya kawaida kabisa iliyoirudisha nyama mezani: mpishi. Ellen alisafiri mno, aliandika usiku wa manane, na nyumba yake ilijaa watenda kazi na wageni. Alipopata mpishi asiyejua kupika chakula kisicho na nyama kikawa na ladha, meza yote iliteseka. Akiwa Australia mwaka 1892, mgonjwa wa maumivu ya viungo yaliyomlaza kwa karibu miezi kumi na mmoja, aliandika kwamba angekuwa tayari kumlipa mpishi hodari fedha nyingi kuliko anazolipa kwa sehemu nyingine yoyote ya kazi yake. Hebu tulipime neno hilo. Alikuwa na waandishi na wahariri waliomsaidia kutayarisha vitabu vinavyosomwa ulimwenguni kote, naye akamweka mpishi juu yao.

Nani katika kanisa letu anafundisha upishi? Tunahubiri juu ya kuacha, lakini dada aliyeacha nyama leo atapika nini kesho? Akichemsha mchicha kwa maji na chumvi mpaka ubadilike rangi, mume wake atarudi buchani kabla Sabato haijafika, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Bibi zetu walijua zaidi. Walipika mgagani kwa maziwa ili kuondoa uchungu, wakatia karanga zilizotwangwa katika majani ya kunde, wakakausha majani kwa ajili ya kiangazi yakaitwa nsansa, wakahifadhi viazi kwa njia mbili, michembe ikiwa mibichi na matobolwa yakiwa yamechemshwa. Walikuwa na mtama, uwele, choroko na njugu. Ujuzi huo uko karibu kupotea, na unapotea mikononi mwetu sisi tunaoagiza chipsi.

JUMATANO: Mwanamke Mkatoliki wa Brighton

James White alifariki tarehe 6 Agosti 1881. Miaka kumi baadaye, akiwa mjane wa umri wa miaka 64, Ellen alivuka bahari kwenda Australia kusaidia kazi changa. Alikaa huko hadi 1900.

Januari 1894 yalifanyika makambi huko Brighton, karibu na Melbourne. Mahema yalijaa. Kati ya waliokuja kumsikiliza alikuwepo mwanamke wa Kanisa Katoliki aliyekuwa na mzigo moyoni juu ya wanyama. Alimweleza Ellen ubinafsi ulioko katika kuua viumbe vyenye uhai ili kuridhisha ladha tu, huku chakula kingine kikiwepo.

Zingatia aliyekuwa anafundishwa. Huyu ni mama aliyekuwa ameandika juu ya chakula kwa miaka 30, mwenye maono, mwenye vitabu, mwenye kuheshimiwa na kanisa lake. Aliyemsemesha hakuwa mshiriki wa kanisa hilo. Ellen angeweza kumweleza historia yake yote na kumaliza mazungumzo. Badala yake aliona aibu. Neno lile lilimchoma, akaliona jambo la nyama katika nuru mpya. Hakufikiria tumbo lake tu. Aliwaza pia mateso ya mnyama. Tangu makambi yale aliifukuza nyama mezani pake kabisa, akawaeleza wanawe na watenda kazi wake kwamba ndani ya nyumba yake haitaletwa tena, awepo au asiwepo.

Sisi Wasukuma tunajua kumpenda ng'ombe. Tunamjua kwa jina na kwa rangi, mtoto wa miaka saba anaweza kutofautisha kwato za ng'ombe wao na za jirani. Mwanamke wa Brighton pengine angeeleweka zaidi kwenye zizi la Shinyanga kuliko katika mji mkubwa, ambako nyama ni kifurushi tu.

Hata hivyo Ellen hakukifanya kipimo chake kuwa kipimo cha watu wote. Aliandika waziwazi kwamba yeye si kigezo kwa waliokaa nyumbani mwake. Kila mmoja ale kinachomfaa. Wapo waliotumia vitu ambavyo yeye hakuvitumia, katika meza ileile, na hakuna aliyehukumiwa.

Soma Warumi 14:1–21. Paulo anasema na nani hapa: anayekula, asiyekula, au wote wawili? Ni nani katika darasa lako anayeona ugumu zaidi kulisikia?

ALHAMISI: Udongo mbaya na daktari aliyekaribia kufa

Kanisa lilinunua ardhi Cooranbong kwa ajili ya shule ambayo leo inaitwa Avondale. Wataalamu wa kilimo waliitazama wakasema udongo ni dhaifu, hautazaa. Ellen hakukubali. Mwaka 1895, akiwa bado analala hemani na nyumba yake ya Sunnyside haijaisha, alipanda miti ya matunda na mboga ili majirani waone kwa macho. Miti ilishika. Matunda yalikuja, watu wakaanza kuja kuuliza. Hakuishia kuwaambia watu maskini wa eneo lile wale mimea. Alitaka kwanza mimea iwepo.

Hapa ndipo somo linapoingia katika mashamba yetu. Shinyanga kuna samadi, na nchi iliyokuwa jangwa katika miaka ya 1980 ilianza kurudisha miti yake kwa njia ya ngitili za wenyeji na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986. Huko Meatu, iliyokuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, wapo wakulima wa pamba wanaolima bila dawa za viwandani tangu miaka ya 1990. Hivyo kilimo hai si habari ya watu wa mbali. Lakini si kila jani la kijani ni safi. Dawa ya pamba iliyobaki kwenye bomba haipaswi kupuliziwa mchicha utakaouzwa Ijumaa sokoni. Na bustani iliyoko chini ya mwalo wa kuchenjulia dhahabu inanyweshwa maji yaliyopita kwenye zebaki. Zebaki haiozi wala haichujwi kwa kitambaa. Inakaa kwenye tope, inaingia kwa samaki, inamfikia mtoto tumboni mwa mama yake. Ndugu mwenye kijibustani mahali kama hapo akihamishe juu ya mkondo, au achimbe kisima mbali na mialo, hata kama ni kazi.

Tatizo la upande wa pili lilimjia Ellen baada ya kurudi Marekani. Dkt. Daniel Kress, mmisionari mganga huko Australia, alikuwa ameyachukua matengenezo ya afya kwa bidii iliyopita kiasi. Aliacha nyama, kisha maziwa, kisha mayai, kisha siagi, wala hakuweka kitu cha kutosha mahali pake. Damu yake ilipungua mpaka akakaribia kufa. Mwaka 1901 Ellen alimwandikia barua akimsihi abadilike upesi, apate mayai kutoka kwa kuku wenye afya, ayatie mabichi katika maji ya zabibu yasiyochachuka, na anywe. Hiyo ilikuwa dawa ya mtu mmoja aliyekuwa kufani, si agizo la jiko la kila siku. Kress alitii, akapona, akafanya kazi miaka mingi zaidi. Alifariki mwaka 1956 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Siku hizi tunajua kwamba mimea peke yake haina vitamini B12, ambayo upungufu wake huharibu damu na neva. Kwa hiyo anayeacha maziwa na mayai kabisa lazima aipate kwa njia nyingine, na katika vijiji vyetu njia hiyo nyingine mara nyingi haipo. Ellen alilijua jambo hili kwa uzoefu kabla maabara hazijalieleza. Alionya kwamba katika nchi ambako watu ni maskini na matunda na njugu ni adimu, wahubiri wasiwanyang'anye maziwa na mayai, wala wasiwawekee sheria kali kabla hawajawaonyesha cha kuweka mahali pake. Mtungi wa maziwa mgando nyumbani kwa mzee wa Kisukuma si adui wa injili.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Miaka yake 15 ya mwisho aliishi Elmshaven, karibu na St. Helena, California, penye bustani ya matunda na mizabibu. Kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji kilitoka mwaka 1905. Wakati huo huo injili ya Waadventista ilikuwa imeshafika kwetu: wamisionari Johannes Ehlers na A. C. Enns walifungua kituo cha Giti, Upare, mwaka 1903, na baada ya miaka michache kazi ikasogea hadi kando ya Ziwa Victoria. Waliotufikia walikuwa na Biblia na mbegu, na bibi kizee wa Elmshaven alikuwa bado hai.

Alikula nini? Barua zake zinaeleza. Mlo mmoja ulikuwa supu ya nyanya yenye tambi. Mlo mwingine ulikuwa majani ya mbaruti, mmea wa mwituni wenye miiba ambao wakulima hung'oa na kutupa, yakiwa yamekatwakatwa, yametiwa malai ya maziwa kidogo na maji ya limau. Kwetu tungeyaweka karibu na mchunga. Mwanamke ambaye zamani hakuweza kumeza kipande cha mkate kikubwa kuliko sarafu alimalizia uzee wake akila magugu, na akayafurahia. Limau lile nalo lilikuwa na kazi yake, maana huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika majani. Anayesumbuliwa na upungufu wa damu baada ya malaria ajaribu kukamulia limau kwenye mlenda wake wa mchana, bila kuacha dawa za hospitali.

Februari 1915 alianguka nyumbani akavunjika nyonga. Tarehe 16 Julai mwaka huo alilala mauti akiwa na miaka 87, akazikwa Battle Creek kando ya James.

Maswali ya kujadili. Kijana wa kikundi chenu anafanya kazi kwenye karasha huko Nyarugusu. Anatoka saa mbili usiku, na mahali pekee pa kula ni kwa mama lishe ambaye ana wali na nyama tu, na kila sahani anaila pamoja na wenzake walioshirikiana naye jasho la siku nzima. Amewaambia Sabato hii kwamba anataka kubadilika. Je, mtamwambia nini, na kati yenu ni nani yuko tayari kwenda kwa yule mama lishe, kwa heshima, kumwomba aweke sufuria ya choroko na mgagani pembeni, akimhakikishia kwamba wateja watakuja? Na kama mama huyo ndiye mwenye ujuzi ambao darasa lenu halina, mtamkaribishaje kanisani afundishe?